Maji Uliyonikataza Kuyafunga

Mama mkwe,

Ulipokuwa hai hatukuzungumza zaidi ya salamu. Heshima ya mkwe ilitaka hivyo. Ukiwa na neno ulimtuma binti yako Zaina, mke wangu, nami nikamrudisha na jibu, mpaka maskini akachoka. Leo nakuandikia mwenyewe. Nisamehe.

Unakumbuka vita vilipoangusha nguzo za umeme milimani, Musaga ikabaki giza, nikaunda mashine ya umeme wa maji mtoni Kanyosha kwa dinamo ya lori bovu? Nilipojenga ukuta wa mawe kuyakusanya maji, kila mtu alinisifu. Wewe ukamtuma Zaina: "Mwambie bwana yako apana kufunga maji yote. Wale wa chini wataloweka wapi mihogo?" Nilinuna, Mama. Lakini niliacha pengo ukutani, maana wewe ningekukatalia vipi?

Tangu homa ikuchukue, barabara zikiwa zimefungwa na dawa hakuna, kiangazi kimekuwa kikali. Mto umepungua, taa za zahanati zikaanza kufifia. Majirani wakaniletea ubao mzima wa kuzibia: ziba pengo, fundi, wake zetu wanajifungulia gizani. Walisema kweli, ndiyo maana iliniuma.

Nikashuka kuangalia. Wanawake wameinama palepale ulipokuwa ukiloweka wewe, mihogo nusu imo majini, nusu imekauka juani. Muhogo ule mchungu usipolowekwa vizuri ni sumu kwa watoto. Samaki wadogo walikuwa wamekufa juu ya mawe. Hapo nikakulilia, nisikufiche.

Sikuziba. Nilikata waya wa buveti, kile kilabu cha bia, na wa nyumba yangu, umeme wote ukaenda zahanati. Taa zinawaka, si sana, lakini mkunga anaona anachofanya. Mwenye buveti hanisalimii tena, bia yake bila friji imekuwa moto kama uji. Zaina anapika kwa mwanga wa kibatari na kunicheka: "We kweli mukwe wa mama!" Sijawahi kupewa sifa tamu kama hiyo.

Asante, Mama. Asante kwa binti yako, na kwa ujumbe ule ulioninunisha. Mvua zikirudi, waya wa kwanza nitauvuta kwa wale wanawake wa chini, kabla ya buveti, kabla ya kwangu. Nakuahidi.

Lala salama. Ule ubao wa majirani Zaina ameupasua kuni, na maharagwe yameiva vizuri.

Mkweo