Mnyama wa Naomi na Hesabu ya Hamsini na Saba

Jumatano. Upepo wa Agosti umevuma tangu alfajiri, na vumbi la barabara ya Shelui limeingia hadi ndani ya mtungi wa maji. Kichwa changu hakijatulia, wala si kwa sababu ya vumbi.

Nimefundisha shule ya misheni miaka mingi, nami nimezoea swali lenye jibu. Leo nimepewa jibu sahihi kabisa, na tangu nilipolipata ninajua kidogo kuliko nilivyojua jana.

Niandike kwa utaratibu. Huenda nikaelewa.

Mwaka juzi, tulipohamishiwa katika kijiji hiki, nyumba hazikuwa zimekamilika. Mbuzi na kondoo wa watu wote walilala katika zizi moja la miiba, tangu kiangazi hadi katikati ya mvua. Ndipo fisi walipolivunja. Asubuhi tulikuta mbuzi jike wa Naomi amekufa, na kondoo jike wa Mzee Hamisi amekufa, wote wawili wakiwa wametoka kuzaa. Kati yao alikuwapo mtoto mmoja tu, jike, anatetemeka. Kama walikuwapo wengine, fisi walikwenda nao.

Naomi ni jirani yangu, mjane. Mbuzi yule alikuwa wa mwisho wa kizazi cha mbuzi aliopewa na mama yake siku alipoolewa. Wengine walikufa tulipokuwa tunahama. Alimwokota yule mtoto akamlea ndani kwa uji wa uwele na maziwa ya kuomba kwa majirani. Hamisi hakusema neno mpaka mnyama alipopata nguvu. Hapo akasema huyo ni kondoo wake.

Kila mtu alimtazama mnyama akaona alichotaka kuona. Manyoya ni ya kondoo, miguu ni ya mbuzi. Mkia unaning'inia, lakini akikimbia unasimama. Mvua ikianza, mbuzi hukimbilia chini ya paa na kondoo hubaki nje analowa. Huyu alikimbia mpaka mlangoni, akasimama hapo, kichwa ndani na matako nje.

Tena ukoo wa Naomi una mwiko wa kondoo. Hawamli, hawamfugi, hawamlazi chini ya paa lao. Kama mnyama ni kondoo, Naomi hampotezi tu. Amevunja mwiko wa mama zake kila siku tangu alipomwokota.

Mimi ndiye mwenyekiti wa baraza la wazee. Sikutaka kuhukumu kwa macho. Yule binti mtaalamu wa mifugo, aliyesomea ng'ambo, alipokuja kuchanja ng'ombe nilimweleza habari hii. Akafurahi kuliko nilivyotazamia. Alimtoa mnyama damu, akaitia katika chupa yenye barafu, akaondoka nayo kwenda maabara Dar es Salaam. Watoto wakampa binti huyo jina la Bibi Damu.

Leo amerudi.

Watu walikusanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Binti alitusalimu vizuri, kisha akaeleza kwamba ndani ya damu ya kila kiumbe zimo nyuzi ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona, nazo hubeba urithi wa wazazi wote wawili. Kila aina ya mnyama ina idadi yake. Kondoo ana nyuzi hamsini na nne. Mbuzi ana sitini.

"Na huyu?" Hamisi akauliza.

"Huyu ana hamsini na saba, babu."

Mimi nilielewa kabla yao, kwa sababu ni hesabu ya darasa la tatu. Nusu ya hamsini na nne ni ishirini na saba. Nusu ya sitini ni thelathini. Jumlisha.

Kisha Hamisi, ambaye ni Mwislamu na mtani wangu wa miaka mingi, akanigeukia. "Mwalimu, ninyi husoma kwamba siku ya mwisho kondoo watawekwa kulia na mbuzi kushoto. Huyu mtamweka wapi?"

Watu wakacheka.

Nikauliza swali lililobaki: mama ni yupi? Wazee wetu wa Iramba walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa mifugo bado tunafanya hivyo. Mtoto humfuata aliyemzaa. Binti akasema hesabu ya nyuzi haioneshi ni nusu ipi iliyotoka kwa mama. Taarifa chache alizozisoma zinasema mimba za namna hii mara nyingi huonekana kwa mbuzi aliyepandwa na kondoo dume.

"Mara nyingi," nikasema.

"Mara nyingi, Mwalimu. Si kila mara."

Wanafunzi wangu walijua ninavyolichukia jibu la namna hiyo.

Kondoo dume zizini alikuwa mmoja tu, naye ni wa Hamisi. Naomi akamwelekea mikono kiunoni. "Kumbe dume lako ndilo lililonijia nyumbani!"

"Basi sisi ni wakwe," Hamisi akasema. "Mtoto ni wa kwetu."

"Mkwe gani hajaleta hata jembe moja? Asiyetoa mahari hana mtoto."

Hata Hamisi alicheka. Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini Mwenyekiti wa kijiji akasimama, akakohoa, akasema kwamba kwa kuwa mnyama si kondoo wala si mbuzi, hana mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni mali ya kijiji. Aingizwe zizi la ujamaa. Baadhi ya vijana wakapiga makofi. Nikamwambia kwamba kukosa mwenyewe na kugombewa na wawili ni mambo tofauti. Akanijibu kwa adabu kwamba baraza litasema kesho.

Mama mmoja wa ukoo wa Naomi akapaza sauti kutoka nyuma: "Na mwiko, Naomi? Nusu kondoo ni kondoo!"

Naomi akaishika kamba ya mnyama. "Nitamshika upande wa mbuzi," akasema, akaondoka naye.

Nilimsindikiza binti hadi kwenye gari lake. Hapo akapunguza sauti. Alisema wanyama wa namna hii karibu wote hawazai. Nyuzi hamsini na saba hazigawanyiki sawasawa. Alikuwa amekusudia kuyasema hayo mbele ya watu, lakini alipomwona yule mama anavyomkumbatia mnyama, akayaacha.

"Babu, utamwambia wewe?"

Nikamjibu kwamba nitamwambia Naomi. Sikumwambia. Nilipita mbele ya mlango wa Naomi nikamsikia akimsimulia bintiye kwamba mvua zijazo mnyama atawazalia watoto wawili, pengine watatu. Mnyama ana umri wa kutosha, madume wamekwisha kumfuata, na bado hakuna kitu. Naomi husema ni mdogo.

Nikaenda zangu.

Sasa sielewi nielewe lipi. Kitabu kinasema kila mnyama kwa aina yake. Binti anasema kondoo na mbuzi wana babu mmoja wa kale, waliachana kabla ya binadamu kufuga chochote, na wanasayansi wameanza kuufuata ukoo huo kwa kuzihesabu nyuzi. Sikuudhika kama nilivyotazamia. Nilijiuliza tu: kama waliachana zamani hivyo, kwa nini walikutana katika zizi letu? Na waliokutana wamempa nini mtoto wao, ikiwa hawakumpa njia ya kuendelea?

Nikiyasema hayo barazani, Hamisi atamwacha mnyama. Yeye anao kondoo wengine. Mwenyekiti wa kijiji pia atamwacha, kwa kuwa zizi la kijiji halitaki asiyezaa. Naomi atashinda bila kupingwa, na katika dakika ile ile atakuwa ameshindwa mbele ya kijiji kizima.

Nikinyamaza, ninaweza kumpa Naomi mnyama kwa haki ya ile "mara nyingi", naye atarudi nyumbani akishangilia kwa kitu ambacho mimi ninajua hakipo.

Mambo ya mwiko sitayagusa. Hayo atazungumza na ndugu zake.

Nimeamua jambo moja tu. Kesho, kabla baraza halijakaa, nitakwenda jikoni kwake nimwambie. Akitaka kulia, alie pale, mbele ya mzee mmoja na si mbele ya watu wote. Kisha nitamwuliza kama bado anamtaka mnyama, hivyo hivyo alivyo. Akimtaka, ni wake, nami nitasimama barazani na kusema hivyo, hata wakiniuliza sababu nisiyoweza kuieleza.

Lakini nikishaitikia shikamoo yake na kupewa kigoda, nitaanza na neno gani?