Kipande cha Mbao Kilichokauka Dirishani

Nyumba ya ngazi za chuma,
Nyuma ya karakana ya mashua.
Jumatano, 11 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zetu za mapenzi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lako siku hizi linakubali kupanda ngazi bila kununa. Shemeji je, kikohozi kimemwachia? Na Shangazi bado anakula vizuri, au ameanza tena kusukuma sahani? Huku sisi ni wazima wa mwili. Wifi yako ni imara kama kawaida. Mimi nala na natembea, ila usingizi umenipa kisogo, na sababu ya kunikimbia ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Najua unahesabu siku. Binti yako alikwambia atang'oa nanga Jumamosi tarehe 21, na siku ya tano afunge kamba chini ya dirisha lako. Dada, nakuomba usimtandikie kitanda bado. Yeye mwenyewe ni mzima, hana hata mkwaruzo. Nitakueleza kwa mpangilio, maana ukisikia nusu utaogopa kuliko mimi, na mimi nimeogopa vya kutosha.

Ile mashua aliyotuachia Baba ilianza kutusema mwezi wa nne. Mpwa wangu alikuwa amesimama pale unapokaa mlingoti, sitaha ikabonyea chini ya kisigino chake kama godoro. Tukamwita fundi wa mashua, yule tunayemwita Bubu kwa kuwa huongea mara mbili kwa siku, tena siku nzuri. Akapiga magoti, akaigonga sitaha yote kwa mpini wa nyundo. Palipo pazima palilia ko, ko. Kuzunguka mlingoti palilia pu.

Sitaha ile, Dada, imejengwa kama mkate uliopakwa kitu katikati. Juu kuna ganda jembamba la faiba, chini ganda jingine, na kati yake mbao. Maji yalikuwa yamepenya kwenye matundu ya skrubu miaka na miaka, taratibu, bila mtu kujua. Bubu alipolikata ganda la juu na kulibandua, mbao zilikuwa nyeusi kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Aliniwekea donge moja mkononi. Nilipolikamua, maji yalinitiririka mpaka kwenye kiwiko.

Tulikwangua uozo wote, tukakata mbao mpya vipande vipande. Bubu alikuwa na sharti moja tu: ziwe kavu kabisa kabla ya kuzigandisha, kwa sababu gundi haishiki mbao yenye maji, na ukishalirudisha ganda la juu umeyafungia maji humo humo. Uzito wote wa mlingoti unasimama mahali pale. Gundi ikiachia baharini, mlingoti unashuka ndani ya chumba. Na chini yake, Dada, ndipo kilipo kitanda cha binti yako.

Unanijua. Nikasema tusikisie, tupime. Nikachukua kipande kimoja, ukubwa wa mche mfupi wa sabuni, nikawa nakipima kila siku saa moja asubuhi kwenye mizani ya jikoni ya wifi yako na kuandika kwenye shajara. Tarehe 21 Mei, gramu 94. Kikawa kinashuka. Tarehe 29, gramu 81. Tarehe 30, 81. Tarehe 31, 81. Kimekoma kushuka, maana yake kimekauka.

"Karani, kavu?" Bubu akaniuliza.

"Kavu," nikamjibu. "Ninayo kwa maandishi."

Tukagandisha Jumatatu tarehe 2 Juni. Tarehe 4 tukarudisha ganda la juu, likafuata msasa, ikafuata rangi nyeupe. Ikapendeza kweli.

Juzi Jumatatu wifi yako alikuwa anafuta dirisha la jikoni. Akakiokota kile kipande, akakipuliza vumbi, akasema, "Hiki nacho kinangoja nini hapa? Kimeota moto wa jiko tangu mwezi uliopita. Kingekuwa mkate kingeshaungua."

Nikacheka naye. Halafu kicheko kikaniishia mdomoni.

Kipande changu kilikaa dirishani, pembeni ya jiko. Mbao zenyewe zilikaa bandani, chini ya turubai, juu ya sakafu ya saruji, mahali ambapo hata tambara la kufutia mikono halikauki. Siku zote zile nilikuwa napima jiko letu.

Nilikimbilia shajara. Tarehe 27 Mei, ukurasa ule ule wenye gramu zangu, nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Mvua asubuhi. Banda linavuja kona ya kushoto. Nimesogeza turubai." Niliandika, sikusoma.

Dada, sikumwambia mtu siku ile, wala jana. Nilitaka kwanza kuwa na hakika, au labda nilitaka isiwe kweli. Nilikuwa napanda kwenye sitaha kila nipatapo nafasi, nainama, nagonga. Ikawa inalia ko, ko kila mahali, na hilo ndilo lililonitia baridi zaidi, kwa kuwa mbao mpya hulia hivyo hivyo hata ikiwa na maji. Sikio halikuweza kunisaidia. Binti yako alikuwa chini anapanga makopo ya chakula huku anaimba.

"Mjomba Kalenda," akapaza sauti, "mbona unagonga kila saa kama mgeni mlangoni? Nani akufungulie?"

Nikamwambia naangalia rangi kama imeshika. Sikumbuki mara ya mwisho kumdanganya mtoto huyu.

Leo asubuhi nikawakalisha wote wawili, nikawafungulia shajara, nikawaonyesha. Bubu alipitisha kidole kwenye mstari wa tarehe 27. Kisha akasema, "Tutoboe kwa chini. Unga ukimwagika, tumepona."

Tukaingia chumbani na drili, juu ya kitanda chenyewe. Tundu la kwanza, pembeni, unga mkavu wa mbao ulinimwagikia puani nikapiga chafya kwa furaha. Tundu la pili, unga. La tatu lilikuwa pale pa mlingoti. Hapakumwagika kitu. Drili ilitoka imevaa nyuzinyuzi za mbao, zimeshikana. Nilizifinya, vidole vikalowa.

Mpwa wangu alizichukua kutoka mkononi mwangu, akazinusa. Akakaa kitandani.

"Mjomba, Jumapili ya tarehe 22 mimi ningekuwa wapi?"

"Katikati ya maji."

"Karani," akasema Bubu, "liandike na hilo."

Ungedhani yaliishia hapo. Lakini binti yako ni wako, Dada. Alipopata pumzi akaanza kubishana: ni tundu moja kati ya matatu, upepo wiki ile utakuwa mzuri, ataweka tanga dogo, atalala upande mwingine, na Mama anamsubiri. Bubu akainua mabega, maana yeye ni fundi wa kuitwa. Na mimi nilimwona usoni kwamba ataondoka. Nilimwona vile nilivyokuwa nikikuona wewe ulipokuwa umeshaamua jambo, na sisi wengine bado tunashauriana.

Basi sikungoja. Nilipanda juu, nikawasha grenda, ile mashine ya kukatia, nikaikata ile sitaha nyeupe kuuzunguka mguu wa mlingoti. Sikupima, wala sikuchora mstari. Bahati mlingoti ulikuwa bado umelazwa, tulipanga kuusimamisha keshokutwa. Binti yako alipanda ananipigia kelele, hata sikumsikia kwa mlio. Nilipozima, tuliinama wote watatu tukatazama. Gundi ilikuwa imebanduka kama ngozi ya maziwa, na chini yake mbao ilikuwa na jasho.

Hakusema tena habari ya tarehe 21. Aliniambia tu, "Mama utamwambia wewe. Kwa mkono wako, na usijipunguzie." Ndiyo maana sikupiga simu.

Mbao nyingine mpya tumezipanga ndani ya mashua yenyewe, na kipande cha kupimia nimekifunga kwa uzi katikati yao. Kina gramu 97. Mizani nimeihamishia huko, wifi yako sasa anapika kwa kukadiria. Hofu bado ninayo, sikufichi. Kwenye shajara, mahali pa tarehe ya safari nimepaacha patupu, na mara hii atakayepajaza ni binti yako, baada ya kutoboa mwenyewe na kuona unga.

Nisalimie sana Shemeji, na Shangazi mwambie mimi bado ni yule yule wa kukagua mlango mara tatu. Wifi yako anakukumbatia. Mungu akulindie mwanao nchi kavu na majini, na akupe moyo wa kunisamehe siku hizi nilizokunyang'anya.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,

Kitinda mimba wenu.