Waya Uliochomekwa Wakati wa Maombi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Griffins Wamae
Umri: Miaka 36
Kazi: Fundi wa kompyuta, nimejiajiri
Makazi: Ruring'u, Nyeri, nyuma ya uwanja wa michezo
Tarehe: Ijumaa, 20 Machi 2026, kuanzia saa nne na dakika tano asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu kueleza jambo ambalo tangu jana nimelieleza mara nne kwa watu wanne, na bado Bi. Tabby Nyawira yuko ndani. Hii ni mara ya tano. Naomba liandikwe polepole.

Tabby ni karani wa rekodi katika Hospitali ya Mlima Safi, hapa Nyeri. Alikamatwa juzi Jumatano kwa madai kwamba alimtumia mama mmoja wa Timau ujumbe wa kumdhihaki kuhusu marehemu mwanawe. Ujumbe huo hakuutuma yeye. Ulitumwa na mashine, na mashine yenyewe niliitengeneza mimi.

Hospitali ina seva, yaani kompyuta kubwa inayoweka habari za wagonjwa wote na kutuma ujumbe kwa simu za jamaa zao. Ina miaka tisa na inanguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Niliitwa kuhamishia kila kitu kwenye mashine mpya. Kila siku saa kumi na mbili jioni, programu ya kuhifadhi hunakili habari zote kwenye kanda, inayofanana na kaseti za redio za zamani. Ukiirejesha kanda hiyo kwenye mashine nyingine kwa programu ile ile, unapata seva ya pili iliyo sawa kabisa na ya kwanza: jina, nywila, wagonjwa, hata makosa ya tahajia. Lakini inajua tu yaliyokuwepo jioni ile kanda ilipoandikwa. Ya baadaye haiyajui.

Mnamo Jumanne tarehe 17 Machi nilifanya jaribio. Nilichukua kanda ya zamani kabatini, ya Ijumaa tarehe 13 Februari, kwa sababu kanda ya leo huichezei kabla hujajua kama mashine itaamka. Kazi ilichukua saa tano na mashine ikaamka vizuri. Niliiacha bila waya wa mtandao. Seva mbili zenye jina moja haziwekwi kwenye mtandao mmoja, hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Nikabandika karatasi nyuma yake kwa herufi kubwa: WAYA USICHOMEKWE. Nilipigia mstari mara mbili.

Jumatano tarehe 18, saa nne na nusu asubuhi, nilimkuta msimamizi wa hospitali, Bw. Kingori, akipanga viti ndani ya chumba cha seva. Chumba hicho hakitoshi viti vinne. Aliniambia bodi inakuja pamoja na mchungaji kuiweka wakfu mashine mpya. Nilimwambia hilo bado ni jaribio. Alisema wiki ijayo mchungaji hapatikani.

Kisha akainama akaitazama mashine. "Mbona hizi taa za kijani hazichezi?"

"Zinacheza kukiwa na waya, na waya hauingii leo."

"Sasa Wamae, ati mchungaji aombee mashine imekufa? Na picha je?"

Nilimwonyesha karatasi. Aliisoma. Nataka iandikwe kwamba aliisoma, tena kwa sauti.

Maombi yalianza saa tano na dakika kumi. Mchungaji alituomba tufumbe macho, na mimi nilifumba, ndivyo nilivyolelewa. Seva iliombewa kama dakika moja. Zilizobaki ziliombewa bodi, wauguzi, mvua, barabara, vijana wetu na nchi kwa jumla. Tuliposema amina nilifumbua macho nikaona taa za kijani zinacheza. Waya wa buluu ulikuwa umechomekwa, na karatasi yangu ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya mashine. Bw. Kingori alikuwa akirekebisha tai. Mpiga picha alipiga picha tatu, na waya unaonekana katika zote. Nimezileta.

Nilichomoa waya saa tano na dakika ishirini na sita, bodi ikiwa bado inatabasamu. Niliangalia mashine ilikuwa imefanya nini. Ilikuwa imefanya kazi yake. Ilikuta ujumbe thelathini na mmoja uliongoja kutumwa tangu Februari, ikautuma wote.

Nilimvuta Bw. Kingori kando nikamwambia tuwapigie watu hao simu sasa hivi. Alisema, "Mtu akiona meseji ya zamani atajua ni ya zamani. Usiniharibie siku." Nilipaswa kutoka hapo nipige simu mwenyewe. Badala yake nilikunywa chai na kula sambusa mbili, kisha saa nane nikaenda kwa kazi nyingine Kiganjo. Nasema hivyo kwa sababu nimekuja kusema ukweli wote, sio wa Kingori peke yake.

Ujumbe mmoja kati ya huo ulikwenda kwa Bi. Gaceri wa Timau. Ulisema: "Mgonjwa wako Mworia ameruhusiwa kwenda nyumbani. Tafadhali njoo na nguo zake. Tabby, Rekodi." Nimefuatilia historia yake kwenye seva ya zamani. Daktari aliidhinisha Mworia atoke Ijumaa tarehe 13 Februari saa kumi jioni. Ujumbe uliwekwa foleni ili utumwe Jumamosi saa moja asubuhi. Kanda iliandikwa saa kumi na mbili jioni, ujumbe ukiwa foleni. Usiku huo Mworia akafariki. Jumamosi saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Tabby, ambaye hata hakuwa zamu, aliingia akaufuta ujumbe huo kwa mkono wake, kisha akampigia mama simu yeye mwenyewe. Yaani anayeshikiliwa kwa kuutuma ndiye mtu pekee aliyewahi kuuzuia.

Haya nilimweleza Bw. Kingori jana. Alisema ujumbe ni wa idara ya rekodi. Nilimweleza mwanasheria wa hospitali kwa ubao na kalamu, akaniuliza ni seva ipi kati ya hizo mbili iliyo ya kweli. Nilisema zote. Leo hapa kaunta, afisa mmoja aliuliza kama zote ni moja, basi ni nani aliyeiba ya pili. Nilihesabu mpaka kumi.

Nikiwa benchini nikingoja, mama mmoja aliyebeba mfuko wa nguo aliniuliza kama mimi ndiye fundi. Alikuwa Bi. Gaceri. Kijana wake mwingine, Muchangi, ndiye aliyepiga ripoti. Niliona aibu, nikamweleza tu kama nilivyowaeleza wengine. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo kuna mashine moja inajua Mworia alikufa," akasema, "na ingine haijui."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu msichana alitoa meseji kwa ile inajua. Kwa hii ingine hakuna mtu alitoa."

"Ndiyo, mama. Ni hivyo tu."

Hakuhitaji ubao. Nilimuuliza kwa nini alikuja na nguo, ilhali alikuwa amemzika mwanawe. Alisema, "Nilimvalisha mimi mwenyewe, nikaona uso. Lakini simu ilisema nije. Nikafikiria labda uso wa maiti unaweza kufanana. Nikapiga sweta pasi."

Baadaye akauliza, "Huko kwa hiyo mpya, bado ako kitanda?"

Nilimwambia ndiyo. Wodi ya wanaume, kitanda cha sita, ameruhusiwa kwenda nyumbani.

"Basi msizime tu hivyo hivyo. Yule msichana alinipigia vizuri ile asubuhi, hakuharakisha. Mwambieni amtoe yeye. Mimi siwezi kuzika mara mbili."

Nilimwahidi. Kwa hiyo naomba mashine ikichukuliwa kama kielelezo, isifutwe hadi Tabby atakapofikishwa mbele yake.

Hapo ndipo ninapokomea. Nimesomewa yote na ni sawa, isipokuwa mahali palipoandikwa "seva bandia". Nimeomba pafutwe na pamefutwa.

Sahihi: G. Wamae

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika haya mimi, Konstebo Sheila Mugo, yakakamilika saa tano na dakika hamsini. Picha tatu na karatasi moja iliyokunjwa zimepokelewa. Bw. Kingori ameitwa kuandikisha maelezo. Muchangi ameondoa lalamiko lake dhidi ya Bi. Tabby Nyawira, naye ameachiliwa saa saba kasoro dakika ishirini. Alipotoka, Bi. Gaceri alimsimamisha, akatoa sweta mfukoni akamvalisha, kwa kuwa seli ina baridi. Wameondoka pamoja na shahidi kuelekea hospitalini. Nimewasindikiza ili kushuhudia kielelezo kikirekebishwa.