Sukari Ambayo Simu Haikuiona

Mpendwa mshauri Bi Hamisa, shikamoo, naomba msaada wako na naomba unijibu upesi, mie naitwa Rosalia, naishi Chanika na mume wangu Venance, nina kisukari mwaka wa sita sasa, natumia vidonge na sindano ya usiku, na tunatafuta mtoto kwa hamu ambayo siwezi kuieleza, ila daktari wa kliniki alinikataza kutoa kijiti cha uzazi wa mpango mpaka kile kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu kishuke chini ya sita na nusu, akasema sukari ikiwa juu wakati mimba inatunga mtoto anaweza kuumbika vibaya, na mara ya mwisho yangu ilikuwa tisa, nililia njia nzima.

Basi wifi yangu Editha aliyeko Uarabuni akaniletea vile vidude vya kubandika nyuma ya mkono, vinavyosoma sukari mchana na usiku na kuipeleka kwenye simu, nami nikajibana kwelikweli, dona kidogo, mchicha, samaki, chai bila sukari, na jana simu ikajumlisha wiki mbili ikaandika yenyewe: makadirio ya sukari ya muda mrefu, sita nukta nne! Bi Hamisa, nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa, Venance akampigia mama yake Masasi, na mama mkwe naye hakuchelewa, kashatoa jina, anasema ni wa kike na ataitwa Monica.

Sasa Venance ananiambia, "Mke wangu, kliniki ya nini tena? Simu imeshasema. Twende kesho ukatoe kijiti," na moyo wangu unaniambia twende, lakini kliniki yangu ni mwezi ujao na nahofia daktari atanifokea, je, nisubiri au nisisubiri?

Halafu kuna kaishu kengine kadogo tu, hiki kidude sukari ikipanda simu inalia, na mie ndiye ninayeongoza kina mama wa kikundi chetu kuingia na zawadi kwenye kicheni pati, sasa siku moja ikalia katikati ya wimbo, wote wakageuka, na Mwajabu mwenyekiti wetu akauliza kwa sauti, "Rosalia, nani huyo anakupigia, asiye na subira?" nikaona aibu mpaka kucheza nikasahau, maana hawajui kama naumwa na wakijua watasema ndiyo maana hazai, kwa hiyo siku hizi kila Jumamosi simu naiacha nyumbani, natoka mchana, nalala hukohuko kwenye shughuli, narudi Jumapili jioni, kwenye mchoro wa sukari ndani ya simu panabaki pengo jeupe lakini simu haijalalamika, nami nimecheza kwa raha zangu.

Rosalia, Chanika

Bi Hamisa anajibu:

Marahaba, mwanangu. Kwanza pokea kigelegele changu, nimekipiga hapahapa ofisini na wenzangu wamenishangaa. Kula mchicha wiki mbili huku jirani anakaanga maandazi si jambo dogo, hongera sana!

Sasa kaa chini nikuseme. Hicho ulichokiita kaishu kadogo ndicho barua yenyewe. Unadhani hiyo sita nukta nne simu imeitoa wapi? Damu yako ya miezi mitatu haijaiona. Imechukua namba ilizozipata, ikatafuta wastani, ikakisia maabara ingesomaje kama siku zako zote ni za namna hiyo. Nimemuuliza daktari, kaniambia vidude vingine huhifadhi namba za saa chache tu, simu ikikaa mbali zile za mwanzo zinafutika. Ndilo hilo pengo lako jeupe. Pilau la shughuli, soda baridi, keki ya kulishana, yote yamepita humo, na simu haikulalamika kwa sababu haikuwepo. Inamjua Rosalia wa Jumatatu, mla mchicha. Rosalia wa Jumamosi haijawahi kukutana naye!

Na hata wastani ukiwa mzuri, usiuamini peke yake. Wastani wa mvua haukwambii ni siku gani barabara ya Chanika ilikatika. Sukari inaweza kuruka juu na kuzama chini, ukijumlisha ukapata namba ya kupendeza. Tena kuzama ndiko kunakonitisha. Unacheza jioni nzima, unachoma sindano, unalala ugenini ambako hakuna anayejua kuwa una kisukari, na kengele ya kukuamsha umeifungia kabatini Chanika. Mwanangu, hapo ulikuwa unacheza na roho yako.

Venance, najua unasoma hapa. Furaha yako naielewa, baba, hata mimi ningempigia mama. Lakini kijiti kinakaa palepale mpaka daktari aone kipimo cha maabara. Makadirio ya simu ni habari njema, ila hayajawa ruhusa.

Rosalia, Jumamosi hii nenda kwenye shughuli na simu yako mkobani. Kengele ya sukari kupanda iweke itetemeke tu, ya kushuka iache ilie. Pilau kula, kijiko chako unakijua, soda waachie wenye harusi. Usiku kabla ya kulala mwambie angalau mwenzako mmoja ukweli, na ningeanza na huyohuyo Mwajabu, maana mwenye sauti kubwa ndiye atakayekuitia gari. Wa kusema "ndiyo maana hazai" atasema hata ukificha. Mwezi ujao nendeni kliniki wote wawili, mpeleke simu, toa damu, na umwambie daktari kama una upungufu wa damu kwa sababu nao huvuruga kipimo. Namba zikifanana, muulizeni vidonge gani vya kumkinga mtoto uanze kumeza kabla ya kutoa kijiti. Zisipofanana, usilie njia nzima tena. Jumatatu yako imeshaonyesha kuwa unaweza, imebaki kuifundisha Jumamosi.

Na simu ikilia tena katikati ya wimbo, Mwajabu akauliza nani huyo asiye na subira, usiizime kwa aibu. Mjibu kwa sauti kama yake: ni Monica.