Fundo la majani

Jumapili, Chome

Nimenawa mara tatu, mikono bado inanuka damu ya Jeki, mbwa wangu.

Msituni hawaruhusu mbwa, kwa hiyo asubuhi nilipita naye njia ya mashambani. Penye shamba la jirani yetu, Baba Neema, niliona majani yamefungwa fundo. Nikadhani ni michezo ya watoto. Kukaa Same mjini kumenisahaulisha: fundo lile ni onyo kwamba kuna mitego ya nguruwe pori.

Waya wa mtego ulimkaba Jeki shingo, ukamkata. Nilipomfungua alikuwa ameshakufa.

Baba Neema alikuja mbio. “Pole, mwanangu. Hukuliona fundo?”

Nikamwambia halikuwepo.

Mchana ameleta jogoo, anaomba radhi kwamba pengine alisahau kulifunga. Mama amempika jogoo huyo. Nimekula.