Ushuhuda Uliotangulia Tiba

Rungwe Mpya, Kasulu
14 Aprili 2024

Mwanangu Esteri,

Amahoro, amani iwe nawe mwanangu. Hapa nyumbani tupo. Baba yako anakusalimu, mgongo wake umetulia kidogo. Mdogo wako Divine na mume wake wanakusalimu. Jirani yetu Mpawenimana anakusalimu, anasema umemsahau. Hata mbuzi amezaa, mapacha. Wewe je, na shule yako huko Kibondo, na watoto unaowafundisha?

Nakuandikia kwa sababu simu yangu bila spika sisikii, na majirani wana masikio. Esteri, siku ya harusi ya Divine ulishuka kwenye gari nikadhani ni mtu mwingine. Gauni limening'inia kama liko kwenye msumari. Ugali wangu wa muhogo ukamega matonge mawili, ukanawa. Wewe uliyekuwa unagombania ukoko! Watu wananong'ona, na unajua huku mtu akikonda wanasema nini. Kama ni ule ugonjwa niambie mimi, nimekuzaa. Ninaogopa.

Mama yako, Niyonsaba


Kibondo
28 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Poleni na mvua, na baba mpe pole ya mgongo.

Mama, si ule ugonjwa. Nimepima, sina. Unakumbuka nilivyokuwa nahema nikipanda kutoka kisimani? Sukari ilikuwa juu, presha juu. Dokta Elisante wa hapa akaniandikia sindano, najichoma mwenyewe tumboni mara moja kwa wiki. Inapunguza njaa. Uzito umeshuka, sukari imeshuka, magoti hayaniumi tena. Ugali wako sikuudharau, tumbo ndilo linajaa upesi.

Ila dokta amenionya: "Mwalimu, hii si dawa ya malaria, ya siku tatu. Ni kama ya presha. Ukiiacha, mwili utadai vyake."

Mwanao, Esteri


Rungwe Mpya
16 Juni 2024

Mwanangu Esteri,

Amahoro. Sisi wazima. Divine ni mjamzito, usimwambie mtu.

Barua yako niliisoma nikapiga magoti. Jumapili iliyofuata nikabeba kikapu cha maharage mpaka mbele ya kanisa, nikatoa shukrani: mwanangu alikuwa na sukari, Mungu amemponya! Vigelegele, we! Mchungaji Reverien akasema Krismasi uje usimame mwenyewe.

Sasa nimewaza. Utasimamaje na sindano iko kwenye mkoba? Huku mtu akishatoa ushuhuda, akaonekana tena na dawa, wanasema amemfanya Mungu mwongo. Na mimi mwenyewe hiyo kujichoma mwaka hata mwaka inanitisha, itakumaliza. Umeshapungua, umeshapona. Iache, mwanangu.

Mama yako


Kibondo
12 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama.

Krismasi nilisimama kama ulivyotaka. Sindano nilikuwa nimeiacha tangu Agosti. Njaa ilirudi, mama, na si njaa ya kawaida. Nakula, nashiba, bado natafuta. Uliponiona na mashavu ukafurahi, ukasema, "Sasa ndiye Esteri wangu." Ni uzito ule ule unarudi, na sukari imerudi nao. Juzi macho yaliingia ukungu, nikaanguka darasani.

Dokta hakunigombeza. Anasema wengi wakiiacha hurudi walikotoka, wala si uvivu. Anataka nianze tena, kwa kiwango kidogo kama mwanzo. Lakini nimeshasimama pale nikasema nimepona. Nikianza, watakaokuwa wanachekwa ni nyinyi. Nimemwambia nitajikaza.

Mwanao, Esteri


Rungwe Mpya
20 Januari 2025

Esteri!

Salamu utanisamehe. Ujikaze nini? Mtu anajikaza kwa uchungu wa kuzaa, kwa sababu unaisha. Sukari haijali kujikaza kwako.

Jana nilisimama kanisani bila kikapu. Nikasema, "Mwanangu hajapona, anatibiwa. Dawa ilikuwa inamsaidia, mimi nikamwachisha." Mmoja huko nyuma akacheka: "Kwa hiyo Mungu amebadili mawazo?" Mchungaji akainamia Biblia yake. Nami nilimaliza.

Nje, Mpawenimana akanishika mkono. "Mama Esteri, na mimi vidonge vya presha niliviacha tangu ushuhuda wangu wa Pasaka. Kichwa hakinipi nafasi. Nifanyeje?" Leo nimempeleka zahanati, wamemgombeza kweli kweli, lakini amepewa.

Basi hakuna wa kumwogopa tena. Nenda kwa dokta siku utakayosoma hii. Wacheke mpaka wachoke.

Mama yako


Rungwe Mpya
2 Februari 2025

Esteri mwanangu,

Wote wanakusalimu, leo siwataji.

Hujanijibu. Simu yako inaita mpaka inakata. Kondakta wa basi anayetubebea barua ameapa alimpa mlinzi wa shule mkononi, na mlinzi amemwambia mwalimu hajaonekana wiki nzima. Nikamuuliza, anaumwa? Akasema, "Mama, mimi nabeba barua tu."

Divine amejifungua juzi, siwezi kumwacha mpaka mama mkwe wake afike kesho. Akifika tu, napanda basi la kwanza la Kibondo. Hii inanitangulia kwa basi la leo.

Kama umeanza sindano, niambie. Kama hujaanza, niambie vile vile, sitagomba. Na kama anayesoma karatasi hii si Esteri, basi wewe uliyeishika, nakuomba, mimi ni mama yake: niletee neno, lolote, upesi.

Niyonsaba, mama yake Esteri