Mutu Moja wa Gazeti

Siku ya Mungu, 2 mai 1954

Nafunga tumbako tangu asubui, misa bado. Inje wanaeleza tena mambo ya ile ngombe. Wanaeleza mubaya, wote. Moja anasema ilikuwa mbuzi. Mwingine anasema kiboko. Kiboko ndani ya Kivu! Ziwa hii haina kiboko, hata mupumbavu anajua. Ilikuwa ngombe dume, pembe sawa mikono ya padri akibariki. Ilianguka toka ubao, wakati wa kuipakia ndani ya bato ya Bukavu. Muchungaji wake, Sebagabo wa Masisi, alikuwa amejifunga kamba yake ku mukono. Ikamuvuta chini. Nani aliruka na kisu ya tumbako akakata kamba? Mimi, Papa Tumbako. Muzee wa meno ine. Ngombe iliogelea yenyewe, haikusema hata aksanti.

Siku ya tatu, 5 mai

Rafaeli, katekista, anaandikiaka gazeti habari za Goma. Leo alikuja kwa kibanda yangu na kalamu. Nikamupa yote: jina yangu, ya baba yangu, ya kilima yetu. Anaseti atasoma. Ni mutoto wangu, iko minei, anachimba shaba kule Katanga, sijui kambi gani. Miaka tatu hakuna barua. Anafikiri tuko Masisi bado. Hajui mama yake alikufa. Hajui niko Goma. Gazeti inafika kambi zote. Sina njia ingine.

Siku ya posho, 15 mai

Mvua. Hakuna muteja. Nasoma gazeti za zamani mbele ya kuzifungia tumbako. Njo masomo yangu, sikupata ingine.

Neno moja inarudi kila pahali: mutu moja. Mutu moja aliuawa na mbogo karibu ya Rumangabo: huyo hakuna aliyeuliza jina yake. Mutu moja aliiba mbuzi wa misioni: huyo wote wanamujua, lakini ni ndugu ya shefu. Mutu moja mwenye akili alisema kodi ni kitu kizuri: huyo ni mwandishi mwenyewe, naapa kwa kichwa yangu! Muzungu akipoteza mbwa, muzungu ana jina, na mbwa ana jina.

Nilicheka peke yangu. Kisha kicheko ikaisha.

Siku ya Mungu, 23 mai

Gazeti ilifika na bato. Kisha misa Rafaeli anaisomaka kwa sauti mbele ya kanisa. Nilivaa koti. Nilisimama mbele ya wote.

«Huko Goma, mutu moja aliokoa muchungaji aliyevutwa na ngombe ndani ya ziwa.»

Basi. Ikapita ku bei ya kahawa.

Watu wakapiga kelele: «Papa Mutu Moja! Leta tumbako!» Nikainama sawa shefu, wakacheka mpaka machozi. Nyumbani sikula.

Siku ya ine, 27 mai

Rafaeli alikuja. Nikamwambia yeye ni mwizi wa majina. Akaniuliza:

«Muzee, unakumbuka vizuri?»

Nikamufukuza.

Nafikiri Anaseti alisoma. Akageuza ukurasa. Pengine leo amefungia chumvi ndani ya baba yake.

Siku ya Mungu, 30 mai

Sikuenda kusikiliza gazeti. Niko na hasira, na haya pia.

Sebagabo alikuja na maziwa. Kwao mutu anaapa kwa jina ya yule aliyemupa ngombe. Akasema mimi nilimupa uzima, ni zaidi ya ngombe. Akauliza jina yangu, juu haiwezekani kuapa kwa Papa Tumbako. Nikamwambia: Barnaba Serugendo. Akairudilia mara mbili, polepole. Tangu muke wangu alikufa sikuisikia kwa kinywa ya mutu.

Kesho naenda kwa Rafaeli. Nitamuomba musamaha. Nitamuomba aandike tena: Barnaba Serugendo, baba ya Anaseti, iko Goma. Mama amekufa.

Na pale juu, tarehe tano, nilidanganya. Sikumupa Rafaeli jina. Aliniuliza mara mbili. Watu walikuwa wengi pale kwa kibanda, nilitaka wacheke. Nikasema: «Andika tu mutu moja, Kongo yote itajua ni mimi.»

Walicheka sana.